Risasi za kujishindilia: je, zitaiponya bunduki inayotawanya?

Msomaji wa Nachingwea, ambaye kazi yake ni kusoma nyayo kwenye kitalu cha uwindaji upande wa Liwale, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Kila msimu tunapokea wageni wanaokuja na risasi walizozishindilia wenyewe kwao. Safari hii mmoja alisimamisha bamba la chuma mita 500, akaligonga karibu kila alipofyatua. Mimi nina .308 niliyouziwa na mmiliki wa awali, leseni tukaihamisha. Ina darubini. Risasi zangu ni za dukani, nimekusanya maboksi ya kampuni tofauti kadiri nilivyopata. Nikipiga mita 100 nikiwa nimeegemea boneti ya gari, matundu matano yanatawanyika kama sentimita 9. Naomba unieleze wale wageni wanazitengenezaje risasi zao, na kama nami naweza kushindilia za kwangu hapa nyumbani. Nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la kushindilia nyumbani, maana lina kesi ndani yake. Usifanye. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu raia kutengeneza risasi bila kibali, na leseni yako ya kumiliki bunduki siyo kibali hicho. Kule kwao mgeni wako anaingia dukani anatoka na mashine, kopo la baruti na boksi la fataki. Hapa kwetu ukikutwa na vitu hivyo huna karatasi, hutapata nafasi ya kueleza kwamba ulikuwa unatafuta shabaha nzuri tu. Leseni umeihangaikia. Usiiweke rehani kwa jambo ambalo, kama nitakavyokuonyesha, lisingekusaidia sana kwa sasa.

Lakini kuelewa jinsi risasi hizo zinavyotengenezwa ni halali kabisa, na kutakufanya uwe mpigaji bora hata kama maisha yako yote hutagusa mashine ya kushindilia. Kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu. Kwanza lakini tuzungumzie hizo sentimita 9.

Bunduki nzima ya .308, yenye risasi nzuri za kiwandani na mpigaji aliyetulia, hutoa kundi (yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi) la sentimita 3 hadi 5 kwa mita 100. Mgeni wako na risasi zake pengine anapata moja na nusu au mbili. Wewe una 9, na umeona tofauti kubwa iliyo wazi kati yako na yeye ni risasi, ukaamua dawa iko huko. Hesabu inakataa.

Mtawanyiko haujumlishwi moja kwa moja. Unajumlishwa kwa mraba, sawa na ile pembetatu mraba tuliyofundishwa shuleni. Tuseme risasi zako peke yake, zingepigwa kutoka kwenye kifaa kisichotikisika, zingetawanya sentimita 4. Na tuseme bunduki, darubini, boneti ya gari na kidole chako kwa pamoja vinatawanya sentimita 8. Nne mara nne ni 16, nane mara nane ni 64, jumla 80. Kipeuo chake cha pili ni karibu 9. Hilo ndilo kundi lako.

Sasa nikupe risasi za mgeni zinazotawanya sentimita 2 tu. Mbili mara mbili ni 4, ongeza 64, ni 68, kipeuo chake ni kama 8.2. Umegharamika, umejiingiza kwenye hatari ya sheria, na kundi limepungua kwa milimita 7. Hata kwa macho hutaiona tofauti. Geuza upande wa pili: baki na risasi zako za sentimita 4, lakini hangaika na yale mengine mpaka yashuke kutoka 8 hadi 3. Kumi na sita ongeza 9 ni 25, kipeuo chake 5. Kundi limepungua karibu nusu, na hujanunua hata risasi moja mpya.

Mgeni wako anafaidika na risasi zake kwa sababu huko kwingine kote alishamaliza. Kwake risasi ndiyo iliyokuwa imebaki kuwa chanzo kikubwa cha mtawanyiko.

Haya, twende kwenye risasi yenyewe. Ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda ambayo pini huigonga, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Kazi nzima ya mshindiliaji ni kuhakikisha kila risasi inafanana na mwenzake katika vitu vyote vinne. Hatafuti risasi kali zaidi. Anatafuta risasi hamsini ambazo bunduki haiwezi kuzitofautisha.

Anaanza na maganda. Risasi inapolipuka, shinikizo ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa .308 linaruhusiwa kufika bar 4,150 kwa vipimo vya Ulaya. Tairi la gari yenu ya kitalu lina bar 2 na kitu. Kwa nguvu hiyo ganda linatanuka mpaka linachukua umbo la chemba ya bunduki ile ile iliyolipiga. Ganda la kiwandani limetengenezwa dogo kidogo ili liingie kwenye kila .308 duniani, kwa hiyo ndani ya chemba lina nafasi ya kucheza na kichwa kinaweza kuingia mtutuni kikiwa kimeinama kidogo mno kuonekana. Mshindiliaji huokota maganda yake mwenyewe, anayabana tena kidogo tu, bega la ganda likirudi nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita, basi. Ganda linabaki limeikaa chemba yake. Ndiyo maana umewaona wageni wanainama kuokota maganda yao moja moja kwenye nyasi. Wengine hudhani ni ubahili.

Baada ya hapo anayakata yawe na urefu sawa, anasafisha tundu la fataki, na wengine hupasha moto shingo ya ganda tu ili shaba iliyokakamaa kwa kupigwa na kubanwa mara nyingi ilainike. Hili la shingo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shingo moja ikikishika kichwa kwa nguvu na nyingine ikikishika kwa ulegevu, kichwa kinaachiwa kwa nyakati tofauti, shinikizo linatofautiana, na kasi inatofautiana.

Baruti inapimwa kwa greni. Kilo moja ina greni elfu kumi na tano na zaidi, na .308 hula arobaini na kitu kwa risasi moja. Mgeni makini anapima kila kipimo kwenye mzani hadi sehemu ya kumi ya greni. Ametoa wapi kiasi cha kuanzia? Kwenye kitabu cha watengenezaji wa baruti yenyewe, ambacho hutaja kiasi cha kuanzia na kiasi cha juu kwa kila kichwa na kila aina ya baruti. Anaanza chini, anapanda kidogo kidogo, nusu greni au pungufu ya hapo, huku akiangalia dalili za shinikizo kuzidi: bolti inakuwa nzito kuinuka, fataki inakuwa bapa kama imepigwa nyundo, kitako cha ganda kinatoka na alama inayong'aa. Akiona mojawapo, anarudi chini. Aina mbili za baruti zinaweza kufanana kabisa kwa macho na moja ikawaka haraka mno kuliko nyingine. Kiasi kilicho salama cha hii kinaweza kupasua bunduki kikiwa cha ile. Hakuna kukisia hapo, wala kuazima kipimo cha rafiki.

Mwisho ni kina cha kichwa. Kila mtutu una mifereji iliyojizungusha ndani, na mifereji hiyo huanzia mbele kidogo ya chemba. Kichwa kinaporuka kutoka kwenye ganda kwenda kuikamata, umbali huo wa kuruka unaathiri jinsi kinavyoingia. Mshindiliaji huupima kwa bunduki yake, kisha anajaribu vina kadhaa. Hapimi kutoka nchani, maana ncha za vichwa hazilingani hata ndani ya boksi moja. Anapima kutoka mahali kichwa kinapofikia unene wa kugusa mifereji.

Hapo ndipo wengi wao wanapotea, na nakwambia hili ili usije ukabebwa na maneno ya kambini. Mtu anapiga risasi tatu za kipimo hiki, tatu za kile, tatu za kile kingine, anaona moja imetoa kundi dogo, anashangilia kwamba bunduki imechagua. Risasi tatu hazisemi kitu. Kwa mtawanyiko ule ule, kundi la risasi tatu kwa wastani huwa kama theluthi mbili tu ya kundi la risasi kumi, na linabadilika ovyo: leo dogo, kesho kubwa, hakuna kilichobadilika. Ukipiga makundi kumi ya risasi tatu kwa risasi zinazofanana kabisa, moja au mawili yatatoka mazuri ya kukutoa machozi. Hiyo ni bahati. Mpigaji anayejiheshimu hupiga kumi kabla hajasema lolote.

Sasa uone faida halisi ya kazi yote hiyo inajitokeza wapi. Chukua kichwa cha greni 175 kinachotoka kwa kasi ya mita 790 kwa sekunde. Boksi la kawaida linaweza kuwa na risasi mbili zinazotofautiana kwa mita 9 kwa sekunde bila shida. Kwa mita 100 kichwa kiko hewani kwa takriban sekunde 0.13, na katika muda huo dunia inakivuta chini kwa sentimita 8. Tofauti ya kasi ya mita 9 inabadilisha huko kuanguka kwa milimita 2. Huwezi kuziona. Kwa mita 500 tofauti hiyo hiyo inakuwa kama sentimita 6. Kwa mita 900 inafika karibu robo mita, na hapo bamba limekosewa.

Umeona? Mambo ambayo mgeni wako anayafanyia kazi usiku kucha huko kwao yanalipa kuanzia mita 400 na kuendelea. Msitu wetu wa miombo upande wa Liwale haukupi hata mita 200 mara nyingi, na hata ungekupa, mnyama si bamba la chuma. Bamba halipigi hatua wakati risasi iko hewani, wala halikimbilii kwenye matete likiwa limejeruhiwa, wewe msoma nyayo ukatangulizwa mbele kulifuata. Wewe unajua kuliko mimi gharama ya risasi iliyopigwa mbali ikakaa pabaya.

Kuhusu upepo nitasema kidogo tu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni unaisogeza risasi ya .308 zaidi ya sentimita 15 kwa mita 300. Hakuna ushindiliaji unaofuta hilo. Yule mgeni aliyegonga bamba mita 500 aliusoma upepo. Nina hakika kabla ya kufyatua ulimwona anaangalia nyasi na majani muda mrefu kuliko alivyoangalia bunduki.

Kuna jambo moja la huku kwetu sina budi kulisema, kwa kuwa neno kushindilia kwa watu wa kusini linaleta picha ya gobore. Wazee wetu wameshindilia gobore kwa baruti nyeusi, tambi na vipande vya chuma miaka nenda rudi, na kuna vijana wanaodhani baruti ni baruti. Siyo. Baruti nyeusi inawaka kwa moshi mwingi na shinikizo la chini kiasi. Baruti ya risasi za kisasa haina moshi na nguvu yake ni kubwa mno kwa mtutu wa gobore. Wafaransa ndio waliotangulia kuwapa wanajeshi wao bunduki ya baruti isiyo na moshi, mwaka 1886, na tangu hapo chuma cha mitutu kimetengenezwa kingine kabisa ili kiihimili. Askari wengi wa Wajerumani waliingia vita vya 1914 hapa kwetu wakiwa na bunduki za mwaka 1871 za baruti nyeusi, na kila walipofyatua wingu la moshi liliwaonyesha adui walipo. Ukisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi unapita Nyangao, jirani na Mahiwa palipopiganwa Oktoba 1917. Kufikia siku hizo askari hao walikuwa wameteka bunduki nyingi za kisasa, na walijua thamani yake. Kwa hiyo ukisikia mtu kijijini anafungua risasi ya raifo ili achukue baruti atie kwenye gobore, mzuie hata kwa kugombana naye. Mtutu utapasuka karibu na uso wake.

Turudi kwako. Utafanya nini na hiyo .308?

Anza na skrubu. Bunduki iliyopita mikononi mwa mtu mwingine, ikabebwa kwenye gari barabara ya Nachingwea hadi Liwale, lazima ikaguliwe. Hakikisha haina risasi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha kaza skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako cha mbao, halafu zile za vishikio vya darubini, chini na juu. Kaza kwa bisibisi inayoikaa skrubu barabara. Shika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine ujaribu kuvichezesha. Ukisikia hata mlio mdogo, umeshapata sehemu kubwa ya sentimita zako 9. Mimi ningeweka dau hapo kabla ya mahali pengine popote.

Kisha chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Kwenye bunduki nyingi za kisasa karatasi inatakiwa ipite mpaka karibu na chemba bila kukwama. Baadhi za zamani zimeachiwa kwa makusudi kitufe cha mbao kinachosukuma mtutu huko mbele, na hizo usiziguse. Ila kama karatasi inakwama upande mmoja tu, mbao imevimba. Kitako cha mbao kikikaa masika nzima kwenye nyumba ya pwani kinanywa unyevu, kinajikunja, kinausukuma mtutu upande, na sifuri, yaani ule mpangilio wa darubini ulioufanya kiangazi ili risasi igonge ulipolenga, inahama bila wewe kugusa kitu. Fundi mzuri atalikwangua hilo kwa nusu saa.

Angalia mdomo wa mtutu kwa tochi. Ule ukingo ambapo mifereji inaishia ndio wa mwisho kukigusa kichwa. Ukiwa na kovu upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na kukisukuma kichwa kipinde. Usafishe mtutu kuanzia nyuma, na utoe shaba iliyogandia ndani kwa dawa yake, siyo mafuta tu. Hewa ya chumvi inayopanda kutoka Lindi mjini haiogopi leseni: baada ya kuwinda au kuipeleka bunduki pwani, ipanguse na uipake mafuta siku hiyo hiyo.

Boneti ya gari achana nayo. Injini ikiwa ya moto hewa inacheza mbele ya darubini, bati linatikisika, na chuma kigumu chini ya bunduki kinairusha juu kila inapopiga. Tafuta mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele, usiwe chini ya mtutu, na mwingine mdogo nyuma chini ya kitako. Lala chini au kaa mezani, bunduki ikae kwenye mifuko hata ukiiachia. Ukiwa umeilenga, sogeza kichwa chako kidogo kushoto na kulia. Kama msalaba wa darubini unatembea juu ya shabaha ilhali bunduki haijasogea, basi jicho lako likikaa vibaya tu umekosa. Liweke mahali pale pale kila mara, shavu kwenye mbao.

Na kidole. Hili wengi hawalikubali mpaka waone. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ganda la mazoezi lisilo na baruti wala fataki. Siku ikifyatuka ganda la mazoezi, utauona mdomo wa bunduki unaruka chini wakati hakuna teke lolote. Mwili ulikuwa unaliogopa teke kabla halijaja. Dawa yake ni kufyatua bila risasi, kila jioni mara chache, ukitazama msalaba usitikisike pini inapogonga. Bunduki nyingi za kisasa hazidhuriki kwa hilo, na jirani hasikii.

Haya yote yafanyie mahali panaporuhusiwa. Shambani kwako pana mikorosho na watoto wanaopita. Kwenye kitalu kuna sehemu mnayowapeleka wageni kupimia bunduki zao siku ya kwanza. Mwombe mwindaji bingwa wenu akuruhusu siku isiyo na mgeni, bunduki ikiwa na nyaraka zake. Kama hakubali, uliza kituo cha polisi cha wilaya wakuelekeze.

Ukimaliza hapo ndipo uje kwenye risasi, na hapa utaiba ujuzi wa mgeni bila kuvunja sheria. Acha kuchanganya maboksi. Kila boksi lina namba ya bechi, na risasi za bechi moja zimetoka kwenye shehena moja ya baruti na aina moja ya fataki. Kampuni ile ile, kichwa kile kile, bechi tofauti, inaweza kugonga sentimita 3 pembeni. Wewe umepiga matundu matano kwa risasi za maboksi labda matatu, kwa hiyo kundi lako ni makundi matatu yaliyolala juu ya karatasi moja.

Leseni inakupa idadi ya risasi, kwa hiyo usizipoteze. Chagua aina mbili tu za kujaribu. Kabla hujachagua uzito wa kichwa, ujue mifereji ya mtutu wako inajizungusha mara moja kwa inchi ngapi; kwa .308 za zamani mara nyingi ni 12, nyingine ni 10. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni ya hili mwaka 1879 na bado inafaa: zidisha 150 kwa unene wa kichwa mara unene wake, gawa kwa urefu wake, vyote kwa inchi. Kichwa cha unene wa 0.308 na urefu wa 1.2 kinatoa karibu 12, yaani mzunguko mmoja kwa inchi 12. Kikizidi sana urefu huo kwenye mtutu wa 12, kinaweza kuanza kuyumba hewani, na ukiona tundu lenye umbo la yai kwenye karatasi ujue ndicho kinachotokea. Kwa miombo na umbali wenu, kichwa cha greni 150 hadi 168 kitakutosha kwenye mtutu wowote kati ya hiyo miwili.

Piga risasi moja pembeni ya kuuchafua mtutu uliosafishwa, kisha tano za aina ya kwanza, taratibu, mtutu ukipoa. Uguse kwa mkono: ukishindwa kuushika kwa raha, subiri. Kisha tano za aina ya pili kwenye karatasi nyingine. Siku nyingine rudia kwa kuanza na aina ya pili. Sasa una kumi za kila moja. Inayoshinda, nenda ukanunue bechi hiyo hiyo kwa kadiri leseni inavyoruhusu, na useti darubini kwa hiyo tu. Ikiwa kitufe cha kurekebishia darubini yako kimeandikwa sehemu ya kumi ya mili (mili ni kipimo cha pembe), kila mlio mmoja wa kitufe unasogeza tundu sentimita 1 kwa mita 100. Ikiwa ni robo ya dakika ya nyuzi, nacho kipimo cha pembe, ni kama milimita 7.

Risasi zako zihifadhi mahali pakavu, kwenye boksi linalofungika, ndani ya kabati la silaha. Ganda likianza kuota ukijani wa kutu, liweke kando. Na usiziache juu ya dashibodi. Baruti iliyopigwa jua inawaka kwa nguvu zaidi, kasi inapanda, shinikizo linapanda. Bunduki uliyoiseti asubuhi ya kipupwe mwezi Julai itagonga juu kidogo kwenye joto la Novemba hata risasi zikikaa kivulini, sembuse zilizokaa nyuma ya kioo. Iseti upya katikati ya msimu.

Yule mgeni akirudi, mwombe jambo moja. Wengi wao wanakuja na kifaa kidogo cha kupima kasi ya risasi inapotoka mtutuni. Mwambie akupimie kumi zako za bechi moja. Ukiona kasi ya juu kabisa na ya chini kabisa zimeachana kwa chini ya mita 15 kwa sekunde, kiwanda kimekutendea haki kwa umbali wote utakaowahi kuwinda. Zikiachana kwa mita 30, badilisha aina.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukikaza skrubu, ukabadilisha mfuko na kununua risasi mpya siku moja, kundi litapungua na hutajua kipi kilikuwa kinakutesa. Kaza skrubu kwanza, kisha piga tano kutoka kwenye mifuko ya mchanga kwa bechi moja ya risasi ulizonazo sasa. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya tundu la mbali la upande wa pili, andika tarehe, bechi na joto la siku hiyo kwenye daftari, halafu niandikie ulichokipata.